Timu yangu ni ya marehemu watupu

Msomaji mpenzi, kabla hujanihukumu nakuomba unisikilize. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu wawili, nakaa Kibokoni hapa Mombasa, na msikitini nahudhuria kadiri ya uwezo wangu. Lakini kila usiku wa Jumanne na wa Ijumaa, baada ya Isha, hukaa mezani nikapanga timu ya mpira ambayo wachezaji wake wote wamekwisha kufa. Hakuna hata mmoja aliye hai. Baadhi yao walizikwa kabla mimi sijazaliwa, nami huwaandika majina mmoja mmoja, huyu atangulie, yule afuate, huyu apumzike leo kwa kuwa jana alicheza, kana kwamba asubuhi watakuja kugonga mlango kuniuliza kwa nini hawakupangwa.

Jambo hili nililifanya kwa siri kwa muda. Si kwamba niliona ni ovu, ila ni zito kulieleza. Mtu akikuuliza barazani unafanya nini usiku, utamwambia nini? Siri ilifichuka mwaka 2022, katika mwezi wa Shaaban, mjomba wangu alipokuja kunijulia hali baada ya homa. Mjomba ni mzee wa miaka themanini na ushei, mtu wa chuo na mtu wa bao. Waliopata kumfunga bao pale mtaani ni wa kuhesabika. Aliketi, akanywa kahawa yake, na jicho lake likaangukia meza yangu. Palikuwa na karatasi, kalamu, tasbihi, na kando ya tasbihi dadu tatu.

"Hizi ni nini, mwanangu?"

"Dadu, mjomba."

"Nyumbani kwa marehemu mamako?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kusema habari za Marekani, za mpira, za mzee mmoja wa Pittsburgh, lakini mjomba alikwisha simama akitafuta bakora yake. Basi yale ambayo hakungoja kuyasikia nayaandika hapa, pamoja na mengine yaliyonipata baadaye, ambayo hayahusu dadu tena.

KADI NA DADU

Mpira wenyewe huitwa besiboli. Waliosoma shule zetu wanaujua mchezo wa raundas waliokuwa wakicheza wasichana. Besiboli ni ndugu yake mkubwa, na kwa kriketi ni binamu. Timu ni mbili, kila upande watu tisa. Mrushaji anavurumisha mpira mdogo mgumu, mpigaji amesimama na kigongo mkononi, na nyuma ya mpigaji amechutama mdakaji aliyevaa kinga ya uso. Mpigaji akiupiga vizuri hukimbia, na akizunguka vituo vyote akarudi alipoanzia, timu yake imepata bao. Akiupiga ukapita juu ya ukuta wa uwanja, anazunguka kwa mwendo wa arusi, hapana wa kumwuliza. Hiyo huitwa homurani. Wakitolewa watu watatu zamu inageuka, na zamu zikitimia tisa mchezo umekwisha. Mmarekani akiusoma muhtasari huu atanicheka, lakini kwa leo unatosha.

Lililo muhimu kwa habari yangu ni kwamba Wamarekani wana wazimu wa kuandika. Tangu karne ya kumi na tisa wameandika kila mpigaji alishika kigongo mara ngapi, akapiga salama mara ngapi, akatolewa mara ngapi. Zama zile timu kubwa zilicheza michezo 154 kwa msimu mmoja, na tangu miaka ya sitini zinacheza 162, kwa hiyo hesabu zenyewe ni bahari. Ukisikia fulani alikuwa na wastani wa .300, maana yake ni kwamba katika kila mara 1,000 alizoshika kigongo alipiga salama mara 300, na huyo ni mpigaji bora. Ndiyo, msomaji: anashindwa mara saba katika kumi, na bado anasifiwa.

Basi walitokea watu wakasema, maadamu hesabu zipo, kwa nini mchezo usirudiwe mezani? Bwana J. Richard Seitz wa Lancaster, Pennsylvania, alianza kuuza mchezo wake uitwao APBA mwaka 1951. Miaka kumi baadaye Bwana Hal Richman wa New York, aliyeanza kubuni wake tangu akiwa mtoto wa miaka 11, akautoa Strat-O-Matic, na huo ndio nilioujua mimi. Kila mchezaji ana kadi yake, na kadi ina safu za matokeo zilizotungwa kutokana na hesabu zake za mwaka ule. Unatupa dadu tatu. Ya kwanza ikionyesha moja, mbili au tatu, unatazama kadi ya mpigaji. Ikionyesha nne, tano au sita, unatazama kadi ya mrushaji. Mbili zilizobaki unazijumlisha, nazo zinakupeleka kwenye mstari wa matokeo.

Sasa tazama ujanja wake. Jumla ya saba huja mara 6 katika 36, na jumla ya mbili huja mara moja tu katika 36. Mtungaji anayajua hayo, naye ameyapanga matokeo kwa mizani hiyo hiyo. Mchezo mmoja unaweza kuleta kioja chochote, mtu dhaifu akampiga bingwa, lakini cheza msimu mzima na mpigaji wa .300 atakuja karibu na .300. Mtu wa bao ataona uzuri wa jambo hilo. Nilitamani sana kumwonyesha mjomba.

MZEE WA DOBI

Nilikwenda Marekani mwaka 1999, na riziki ikanipeleka Pittsburgh, mji wa chuma na mito mitatu, katika chumba cha dobi cha hospitali moja. Kazi ilikuwa ya usiku. Mashuka yanaingia machafu, yanatoka safi, hayana mwisho. Mkubwa wetu alikuwa mzee mmoja mweusi, mzaliwa wa palepale, ambaye sitamtaja jina, nitamwita Mzee. Saa nane za usiku, wakati wa mapumziko, wenzetu wakijilaza juu ya mafurushi ya nguo, Mzee alikuwa akitoa kisanduku chake cha kadi. Alinifundisha kwa kuwa alikosa mtu wa kucheza naye, nami nikakubali kwa kuwa nilikosa mtu wa kuzungumza naye.

Fahari kubwa ya ukoo wa Mzee ilikuwa moja: marehemu babake alimwona Josh Gibson kwa macho yake katika uwanja wa Forbes Field.

Huyo Josh alizaliwa Georgia taarikh 21 Disemba 1911, na babake akahamia Pittsburgh kutafuta kazi ya viwanda vya chuma. Kijana akawa mdakaji na mpigaji wa timu ya Homestead Grays, kisha Pittsburgh Crawfords, kisha Grays tena. Wakati huo mtu mweusi hakuruhusiwa kuingia ligi kubwa. Wala hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Yalikuwa mapatano ya wenye timu, nayo yalishika tangu miaka ya 1880 hadi 1947. Weusi wakaunda ligi zao, zilizojulikana kwa jina la Negro Leagues, wakisafiri kwa basi mji hadi mji, na mara nyingine wakilala humo humo kwa kuwa hoteli hazikuwapokea. Magazeti ya weusi kama Pittsburgh Courier yaliandika habari zao kadiri yalivyoweza. Josh akapewa jina la Babe Ruth mweusi, na waliomwona walikuwa wakijibu kwamba Babe Ruth ndiye Josh Gibson mweupe.

Alikufa taarikh 20 Januari 1947, akiwa na umri wa miaka 35, baada ya maradhi ya kichwa yaliyomwandama kwa miaka. Taarikh 15 Aprili mwaka uleule Jackie Robinson akaingia uwanjani Brooklyn kwa jezi ya ligi kubwa. Hesabu mwenyewe: haitimu miezi mitatu. Na kaburi la Josh, pale Allegheny Cemetery, lilikaa bila ya alama yoyote mpaka 1975, ilhali tangu 1972 alikuwa amekwisha tiwa katika jumba la mashujaa wa besiboli huko Cooperstown. Mzee alinipeleka kaburini asubuhi moja tulipotoka kazini. Ni bamba dogo lililolala chini kwenye nyasi. Mzee akavua kofia, akapangusa majani kwa kofia hiyo hiyo, akaivaa tena. Mimi nilisimama tu.

Mwaka 2009 wenye Strat-O-Matic wakatoa kadi za wachezaji 103 wa Negro Leagues, baada ya watafiti kufukua magazeti ya zamani. Mzee alinunua upesi. Nilidhani tutacheza usiku ule ule, lakini kadi ya Josh aliitia mfuko wa shati na hakuitoa mpaka tulipokwenda zetu nyumbani.

LIGI YENYEWE

Kucheza watu wawili kwenye chumba cha dobi ni jambo moja, na ligi ni jambo jingine. Ligi yetu ina timu 12. Wenye timu wametawanyika Ohio, Iowa, Texas, mmoja yuko Kanada, na sasa mmoja yuko Mombasa. Hakuna fedha wala kamari, hata kikombe hakuna. Mshindi huandikwa jina lake katika orodha ya msimamizi, basi. Tulianza na mwaka wa 1935, na kwa kila miezi minane tunamaliza mwaka mmoja wa historia. Msimamizi, aliyeko Ohio, ana kompyuta inayofanya kazi ya dadu. Sisi tunatuma maagizo: nani acheze, nani arushe, mrushaji aondolewe akichoka kiasi gani, mkimbiaji aibe kituo au atulie. Matokeo hunifikia saa kumi alfajiri, kabla ya adhana.

Na tangu siku ya kwanza weusi na weupe wamo pamoja. Katika ligi yetu ule ukuta ulianguka 1935, miaka 12 kabla ya wakati wake. Ubishi ulikuwapo, lakini wa hesabu. Kanuni yetu husema mchezaji asitumiwe kuliko alivyocheza kwa kweli mwaka ule. Sasa, Negro Leagues zilikuwa na michezo michache ya ligi iliyoandikwa, na mingine mingi ya kirafiki katika miji midogo ambayo haikuhesabiwa. Je, Josh aadhibiwe mara ya pili kwa sababu wenziwe hawakumwandika? Tulivutana kwa wiki tatu. Mwisho tukakubaliana fungu lake liongezwe kwa uwiano wa urefu wa msimu. Bwana wa Texas hakuridhika mpaka leo.

Ajabu ya mchezo huu ni kwamba unajua yatakayowapata. Astaghfirullahi, si ghaibu, maana yamekwisha pita. Lakini ndani ya ligi hayajafika bado, na wewe umeketi unayangojea. Kila mtu alijua kwamba Lou Gehrig, aliyecheza michezo 2,130 mfululizo bila ya kukosa, atacheza 8 tu mwaka 1939 na kuacha kwa maradhi, na 1941 atakufa. Aliyekuwa naye akamuuza mapema, katika 1937, kwa bei nzuri. Tulijua kwamba vita vitawachukua Ted Williams na Joe DiMaggio miaka mitatu mizima, 1943 hadi 1945, na kadi zao hazitakuwapo. Hata Josh katika mwaka 1941 hakuwa na kadi, kwa kuwa alikuwa Mexico akichezea Veracruz. Mwenye timu hodari ni yule anayemwuza mtu siku moja kabla ya balaa lake. Ukilitazama kwa jicho la pwani yetu, ambayo inajua biashara ya watu ilikuwaje, neno hilo la kuuza linakwama kidogo kooni. Lakini ndilo wanalolitumia, nami nimelizoea.

Mwaka 2021 nilipofunga safari kurudi nyumbani, macho ya Mzee yalikuwa yameingia ukungu, hawezi kusoma tena zile safu za tarakimu. Alinipa timu yake. Josh alikuwamo, na Ray Brown mrushaji wa Grays, na Luke Appling wa Chicago. "Nitunzie Josh," aliniambia uwanja wa ndege. "Usimuuze." Nikampa mkono. Kwetu mkono ni mkono.

HESABU AU KUBAHATISHA

Sasa turudi kwenye zile dadu. Nilikuwa nazo kwa ajili ya kujaribia safu ya wapigaji peke yangu kabla ya kutuma maagizo. Baada ya mjomba kuondoka nilikwenda kwa sheikh mmoja tuliyesoma naye chuoni utotoni, nikamwambia nina swali la aibu kidogo.

"La nardi unalijua," akasema.

Nikasema nalijua, hadithi yake imo katika Sahihi Muslim. Akanikumbusha mizani ya wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi: mchezo uliosimama juu ya hesabu na fikra, mfano wake sataranji, hauharimishwi japokuwa una karaha; na uliosimama juu ya kubahatisha, mfano wake nardi, ni haramu hata pasipo kamari. "Sasa wako ni upi, ndugu yangu?"

Nilimweleza kwa saa nzima. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia, na maswali yake yalikuwa makali. Aliuliza kama mchezo unanichelewesha swala. Aliuliza nani anapoteza nini mtu akishindwa. Nilipofika kwenye ile kompyuta ya Ohio akaniinulia kidole. "Kwa hivyo dadu imeingia ndani ya sanduku, haikutoka nyumbani." Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Mwisho alisema dadu zangu zitoke, hilo halina mjadala. Kupanga watu na kuwapima ni hesabu. Na lile sanduku lina shaka, na mwenye kuiacha shaka amejisalimisha. Nikamwuliza habari za ludo, maana nyumba ya Mombasa isiyo na ludo ni chache. Akanitazama, akasema swali hilo nije nalo siku nyingine.

Mimi si mwanachuoni, na makala haya si fatwa. Dadu nilizitupa jioni ile ile. Sanduku la Ohio sijaliacha, nakiri. Ila tangu siku hiyo nilikuwa na jibu kwa kila aniulizaye: mchezo wangu ni hesabu tupu, napima, najumlisha, natoa, kama mtu wa bao. Nilijivunia jibu hilo kwa karibu mwaka mzima.

BARUA YA IOWA

Mwanzoni mwa 2023 tulimaliza msimu wa 1943. Katika maisha yake ya kweli Josh alipiga .466 katika ligi yake mwaka huo, na katika ligi yetu alinibeba mabegani. Tukatoka wa pili. Wiki ile ile nikapata barua ya kompyuta kutoka kwa mwenye timu wa Iowa, mwalimu mstaafu, aliyekuwamo katika ligi tangu siku ya kwanza na hakupata ushindi hata mara moja. Alikuwa na Stan Musial.

Ngoja nikuambie Musial ni nani. Alizaliwa 1920 katika mji mdogo wa Donora, si mbali na Pittsburgh. Katika 1943 alikuwa ndiye mpigaji bora wa ligi yake, umri miaka 22. Angecheza mpaka 1963 na kupiga salama mara 3,630. Ungemkosa mwaka mmoja tu, 1945, alipokuwa katika jeshi la wanamaji. Na mwalimu huyu alikuwa anampa mtu wake huyo kwa Josh Gibson, ambaye alibakiwa na misimu mitatu.

Hata mtoto angeona kuna jambo, na mwalimu hakulificha. Madaktari walikuwa wamempa miezi. Ligi yetu hataiona ikifika 1950, aliandika, na Musial wa 1950 hana faida kwake. Ana warushaji wazuri, ana wakimbiaji, kinachomkosa ni mdakaji anayepiga. Anataka 1944. Hakuomba huruma, aliandika kama mtu anayeagiza mbao dukani.

Hesabu zote zilisema uza. Nilizifanya usiku ule, kwa kalamu, kurasa mbili. Huruma nayo ilisema uza. Nami nikakataa. Nikamwandikia kwamba timu hii nimepewa amana na mzee wangu, na kwamba nilimpa mkono nisimwuze Josh, na amana ni amana. Alijibu kwa mstari mmoja, kwamba amefahamu na kwamba ahadi ni ahadi.

Msimu wa 1944 ukaanza. Appling wangu alichukuliwa jeshini kama ilivyoandikwa, na timu yangu ikatoka ya tano. Josh alipiga, lakini alipiga peke yake. Mwalimu wa Iowa alitoka wa pili, nyuma ya mshindi kwa michezo miwili. Miwili katika 154. Mdakaji aliyemtumia sitamtaja, maskini, hana kosa. Kabla ya msimu wa 1945 kuanza msimamizi akatuletea habari kwamba bintiye ameandika: babake amefariki.

Nilikaa siku nne, kisha nikampigia simu Mzee. Nikamweleza yote, Musial, barua, mkono wangu uwanja wa ndege. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Ungepiga simu," akasema.

Nikamwambia habari ya amana.

"Ungepiga simu, kijana."

Hakuongeza neno, akaniuliza habari za afya yangu na za wajukuu. Nami nakwambia wewe msomaji lile ambalo sikumwambia yeye. Simu niliifikiria. Niliishika mkononi usiku ule wa kurasa mbili. Nilijua fika Mzee angesema nini, na ndiyo maana sikupiga. Sikuwa nikilinda amana ya mtu. Josh nilimtaka mwenyewe. Nilipenda kuliona jina lake kila alfajiri katika orodha yangu, na ahadi ya Mzee nikaifanya kisingizio. Hapo hapana hesabu wala fikra, na hata kubahatisha hapana.

Mei 2024 zikaja habari ambazo zingekuwa furaha ya mwaka. Ligi kubwa ya Marekani, ambayo tangu Disemba 2020 ilikuwa imekubali kwamba Negro Leagues za 1920 hadi 1948 nazo ni ligi kubwa, iliziingiza hesabu zao katika daftari lake. Kumbukumbu zilizopatikana ni karibu robo tatu tu, lakini zilitosha. Josh Gibson akawa wa kwanza katika historia yote kwa wastani wa maisha, .372, akimpita Ty Cobb mwenye .367 aliyekaa kileleni miaka na miaka. Na ile .466 ya 1943 ikawa ya kwanza kwa msimu mmoja, ikaishusha .440 ya Hugh Duffy ya mwaka 1894. Mzee alinipigia simu usiku wa manane, analia na kucheka. Nilifurahi naye. Nilipoiweka simu nikakumbuka Iowa.

Mjomba ndiye aliyenitoa. Alikuja siku moja, akatazama meza, hakuona dadu, akaketi. Nikamweleza kisa kizima, naye safari hii alingoja mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama yule mwalimu ameacha watoto. Nikasema ana binti. "Mwandikie," akasema, akaagiza kahawa ya pili. Nikamwandikia yule binti. Sikuomba msamaha, maana asingejua ni wa nini. Nilimwambia tu babake alikuwa mchezaji mwungwana na kwamba alikaribia sana.

Timu ya marehemu ilibaki bila ya mwenyewe kwa muda, msimamizi akiiendesha. Mwaka 2025, mtoto wa ndugu yangu, kijana wa chuo kikuu ambaye kwa miaka miwili alikuwa akinicheka, aliomba aichukue. Binti wa Iowa akamtumia picha za daftari la babake, ukurasa kwa ukurasa, ili ajue watu wake. Kijana alinionyesha ukurasa mmoja bila ya kusema kitu. Ni safu ya wapigaji ya 1944, imeandikwa kwa penseli. Nafasi ya nne imefutwa, lakini ukiigeuza kidogo kwenye mwanga unaona vizuri jina lililokuwapo.

Ligi yetu sasa imefika Aprili 1947. Kadi ya Josh imetoka, kama nilivyojua itatoka, na sina mdakaji wa maana. Kijana ana Musial, na Musial ana misimu 17 mbele yake. Juzi aliniambia, "Ami, ukimtaka tuzungumze." Nikamwuliza anataka nini. Akasema atafikiri. Jumanne timu yake inakuja kucheza na yangu michezo mitatu, na orodha yangu nimekwisha ituma.